Waingereza walifuata nini Machakos?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa historia ni kwa nini Waingereza walizivamia na kuzikalia nchi za watu wengine, naye atakujibu harakaharaka: walitafuta malighafi, walitafuta masoko, walitaka kueneza dini, walitaka kukomesha biashara ya watumwa, na walishindana na mataifa mengine ya Ulaya. Sababu tano, alama tano. Mwalimu hutia alama ya vyema, na mambo yakaishia hapo.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Kila sababu iliyomo ina ukweli wake. Ugomvi wangu ni kwamba sababu hizo hupangwa kama mafiga jikoni, zote sawa kwa kimo na kwa uzito, wala mwanafunzi haulizwi ni ipi iliyotangulia, ni ipi iliyotangazwa ili kuwaridhisha watu, na ni ipi iliyozuka baada ya mgeni kwisha kuingia nyumbani. Akitoka hapo huenda na orodha kichwani, lakini jambo lenyewe halielewi.

Sisi tunaoishi Machakos hatuna udhuru wa kulifundisha somo hili kijuujuu. Mji huu ulikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya Waingereza katika bara ya nchi hii. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo hapa mwaka wa 1889, kwenye makao ya Masaku, mtabiri mashuhuri wa Akamba ambaye jina lake liligeuzwa katika vinywa vya wageni likawa Machakos. Basi na tuulize swali letu papa hapa: Waingereza walifuata nini Machakos?

Hawakufuata dhahabu, kwa maana haikuwapo. Hawakufuata pamba wala chai. Pembe za ndovu zilikuwapo, na Akamba wenyewe walikuwa wamezisafirisha hadi pwani kwa miaka mingi kabla ya Mwingereza kufika. Mfanyabiashara Kivoi wa Kitui alikuwa na misafara yake, na ndiye aliyempokea Ludwig Krapf mwaka wa 1849, mwaka ambao mmishonari huyo aliuona Mlima Kenya. Lakini pembe hazikuhitaji ngome. Zilikuwa zikifika Mombasa bila bendera ya mtu.

Jibu ni kwamba Machakos ilikuwa njiani. Waingereza walikuwa wakienda Uganda, na msafara unaotoka Mombasa huhitaji mahali pa kupumzika, kununua chakula na kuwaacha wagonjwa. Hapa palikuwa na vilima vyenye hewa nzuri, maji, na wakulima hodari waliokuwa na ziada ya kuuza. Machakos ilikaliwa kwa ajili ya mahali pengine.

Msomaji ataniuliza: na Uganda nako walifuata nini? Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mwaka ambao walikataa

Ukitaka kuijua sababu ya tendo fulani, usitazame tu mwaka ambao lilitendwa. Tazama pia mwaka ambao lingeweza kutendwa na halikutendwa.

Mwaka wa 1877 Sultani Barghash wa Unguja alikuwa tayari kumkodisha William Mackinnon eneo lake la bara pamoja na utawala wake. Mackinnon alikuwa tajiri wa meli, na meli za kampuni yake zilikuwa zikija Unguja tangu mwaka wa 1872. Biashara ya watumwa ilikuwapo. Miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka wa 1873, Barghash alikuwa ameshurutishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kuifunga biashara hiyo baharini. Masoko yalikuwapo. Malighafi ilikuwapo. Wamishonari walikuwapo. Sababu zote za kwenye orodha yetu zilikuwa mezani, isipokuwa moja.

Hata hivyo serikali ya London haikuunga mkono mpango huo, na ukafa.

Mwaka wa 1888 Mackinnon yuleyule, kwa ajili ya nchi ileile, alipewa hati ya kifalme ya kuunda kampuni yenye mamlaka ya kutawala. Ni nini kilichobadilika katika miaka hiyo kumi na mmoja? Mtumwa alikuwa mtumwa mwaka wa 1877 kama alivyokuwa mwaka wa 1888. Pembe zilikuwa pembe.

Mambo mawili ndiyo yaliyobadilika. La kwanza ni Misri. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869, na ukawa njia ya mkato kati ya Uingereza na India, ile koloni ambayo Waingereza waliithamini kuliko zote. Mwaka wa 1875 serikali ya Uingereza ilinunua hisa za mfereji huo kwa pauni milioni nne, na mwaka wa 1882 majeshi yake yakaikalia Misri. Anayeikalia Misri hulala akiota maji ya Mto Nile. Na Nile hutoka katika ziwa tuliitalo Victoria, mlangoni mwa Uganda.

La pili ni Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka wa 1884 Carl Peters alipita Usagara na maeneo ya jirani akikusanya mikataba ambayo watawala waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Mwaka uliofuata serikali yake ikampa hati ya ulinzi. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, na mwaka wa 1890 wakakamilisha mgawanyo huo kwa mkataba ulioiweka Uganda upande wa Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kwao.

Kwa hiyo mtu wa Machakos alijikuta chini ya bendera ya kigeni kwa sababu ya mfereji asioujua, mto asiouona, na ushindani wa watu wawili waliokuwa wakitazamana kwa hofu huko Ulaya. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na hapa tembo hawakupigana hata, walikaa mezani wakachora ramani.

Kisingizio kilichojengwa juu ya ukweli

Haimaanishi kwamba dini na huruma zilikuwa uongo mtupu. Mwaka wa 1891 kampuni ilipokuwa ikiishiwa fedha na kutaka kuondoka Uganda, waumini wa Kanisa huko Uingereza walichanga maelfu ya pauni ili isiondoke. Watu wale walitoa fedha zao kwa moyo mweupe. Vivyo hivyo biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli, na wapo Waingereza waliotoa maisha yao kuipinga.

Lakini kisingizio kizuri hakijengwi juu ya uongo. Hujengwa juu ya ukweli. Mtawala huchukua uchungu ulio wa kweli, akaufanya mlango wa kuingilia. Ili kujua kama uchungu huo ndio uliomleta, mtazame anachofanya kwanza baada ya kushika hatamu.

Na tupange miaka. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi hii kutoka kwa kampuni na kuitangaza himaya yake. Mwaka wa 1896 reli ilianza kujengwa Mombasa. Mwaka wa 1901 ikafika ziwani Kisumu. Mwaka huohuo wa 1901 ikaja kodi ya nyumba. Mwaka wa 1902 ikaja sheria ya ardhi ya Mfalme. Na utumwa wenyewe ulifutwa lini kisheria katika pwani ya himaya hiyo? Mwaka wa 1907. Miaka kumi na miwili ilipita tangu bendera ipandishwe. Reli, kodi na ardhi vilikwisha kupata sheria zao kabla ya mtumwa kupata yake. Hakuna mhadhiri awezaye kulieleza jambo hili kwa ufasaha kuliko miaka hiyo ikipangwa ubaoni.

Hata fedha za kuifidia kampuni zina somo lake. Kampuni ililipwa pauni 250,000, na kati ya hizo 200,000 zilitoka katika hazina ya Sultani wa Unguja. Sultani alitozwa ili kuinunua tena nchi iliyokuwa imekodishwa na nyumba yake, kisha wakaendelea kuitawala wengine.

Sababu zilizozaliwa baadaye

Kuna jambo jingine ambalo orodha ya vitabuni hailisemi: sababu za kuingia si lazima ziwe sababu za kubaki. Ukaaji huzaa sababu zake wenyewe.

Reli iligharimu zaidi ya pauni milioni tano, na watu wapatao 2,500 kati ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India walipoteza maisha. Ilijengwa kwa ajili ya Uganda na Nile. Ilipomalizika, serikali ikatanabahi kwamba treni hazina cha kubeba. Ndipo Kamishna Charles Eliot alipowaalika walowezi wa Kizungu waje walime, ili reli ijilipe. Walowezi walipofika walitaka ardhi. Walipopata ardhi walitaka vibarua. Ili vibarua wapatikane, kodi ikadaiwa kwa fedha taslimu. Kila hatua ilikuwa jibu la tatizo lililoletwa na hatua iliyotangulia.

Machakos iliyaonja hayo yote. Reli iliupita mji wetu kando, na mwaka wa 1899 John Ainsworth, aliyekuwa ameutawala mkoa akiwa hapa tangu mwaka wa 1892, akahamia Nairobi. Njia ilikuwa imepata njia nyingine. Je, Waingereza walitupa kwaheri kwa kuwa hawakutuhitaji tena? Hasha. Vilima vya Mua viligawiwa walowezi, na nyanda za Yatta, ambako Akamba walikuwa wakichunga, zikahesabiwa kuwa ardhi ya Serikali.

Matokeo yake yalidhihirika miaka ya 1930. Watu na mifugo walikuwa wamebanwa katika eneo dogo, na udongo ukamomonyoka vibaya. Mmomonyoko huo ulikuwa wa kweli, hakuna aliyeubuni. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa kuwarudishia watu malisho. Ilikuwa kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu, wakati uleule ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kikifunguliwa Athi River. Ukweli ukawa mlango tena.

Mwaka wa 1938 Akamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini uuzaji wa lazima wa ng'ombe ulisitishwa. Leo wanafunzi wetu hupita katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi. Ni wangapi wawezao kueleza uhusiano wake na ngome ya mwaka wa 1889?

Hoja ya barabara na shule

Wapo watakaosema kwamba ninasahau shule, hospitali na reli yenyewe. Sisahau. Natija, hata hivyo, si sababu. Mvua inyeshayo kwa ajili ya mawingu yake humwotesha mkulima mahindi. Mkulima na ashukuru kwa mahindi, lakini asidai kwamba mawingu yalikusanyika kwa kumpenda. Mwanafunzi aruhusiwe kuyapima manufaa na madhara, ila asichanganye swali la kilichopatikana na swali la kilichokusudiwa.

Wataalamu nao hawajakubaliana. John Hobson aliandika mwaka wa 1902 kwamba mzizi wa ubeberu ulikuwa mitaji iliyokosa faida nyumbani. Mwaka wa 1961 Ronald Robinson na John Gallagher wakashikilia kwamba katika Afrika jambo kubwa lilikuwa usalama wa njia ya India. Nikiupima mwanzo wa habari za Machakos, naona wa pili wana nguvu zaidi. Nikizipima kodi na ardhi zilizofuata, sauti ya Hobson yasikika vizuri. Huenda wote wana haki, kila mmoja kwa miaka yake. Hiyo ndiyo elimu: kujua ni sababu ipi iliyofanya kazi lini.

Walimu wenzangu, simsihi mtu aitupe orodha. Mtihani upo, na watoto wanahitaji alama zao. Ninachoomba ni kwamba kila sababu iandikwe pamoja na maswali matatu: ni nani aliyeisema, ni mwaka gani, na alipokwisha kupata nguvu alianza na nini? Mwanafunzi wa Machakos anaweza kuyajibu bila kutoka wilayani kwao. Aanze na vilima vya Iveti, ambako husimuliwa kwamba watu wa kampuni walikata mti wa ithembo, mahali patakatifu pa matambiko, ili wapate mlingoti wa bendera, na wenyeji wakainuka kwa hasira. Kisha afuate njia ya Uganda hadi ziwani, na mto hadi Suez.

Wageni wenye hati na mikataba hawajaisha duniani, na aghalabu huja wakitaja shida ambayo kweli tunayo. Watakaoketi mezani nao ni hawa tunaowafundisha leo. Ni heri wawe wamezoea kuuliza maswali hayo matatu kabla ya kutia saini.