Matengenezo ya gari Kigoma: ufundi nafuu, vipuri ghali

WENYE magari katika miji ya Kigoma na Ujiji hulipa bili ya matengenezo yenye sehemu tatu, ingawa fundi huandika mbili tu: vipuri na ufundi. Ya tatu ni siku ambazo gari hulala gereji likisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Kwa gari la biashara, mara nyingi hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Petroli na dizeli zina bei kikomo, ambazo EWURA huzitangaza kila mwezi kwa kila mji, na kwa sababu ya umbali bei ya Kigoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Vipuri na ufundi havina tangazo la namna hiyo. Bei ni ya maelewano, na mteja asiyejua kipuri kinauzwaje Kariakoo huingia kwenye maelewano hayo akiwa amefungwa macho.

Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, karibu kilomita 1,250 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kipuri kidogo huja kwa basi, kizito kwa lori au kwa reli. Mwenye duka la vipuri Mwanga hawezi kufungia fedha zake katika bidhaa itakayokaa rafuni miaka miwili. Huweka kinachotoka upesi: filta, plagi, pedi za breki, beringi na bushi za magari yaliyo mengi. Kinachobaki huagizwa pale mteja anapokihitaji, na mteja ndiye hulipia haraka yake.

Ndiyo maana gharama ya matengenezo huanza kupangwa siku ya kununua gari. Toyota Corolla na Land Cruiser zina wenzao wengi mkoani. Serikali, misheni na mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, yametumia Land Cruiser kwa miaka mingi, kwa hiyo mafundi wengi wanaijua injini ya 1HZ kwa mikono. Aliyenunua gari dogo la kuvutia lisilo na wenzake mjini atafungwa nati kwa bei ile ile, lakini atasubiri kipuri kama anayesubiri meli.

Sevisi ya kawaida ni rahisi kukadiria kabla ya kuondoka nyumbani. Injini ndogo ya Corolla hunywa oili lita tatu na ushei, yaani galoni moja ya lita nne inatosha. Ile ya 1HZ huhitaji karibu lita tisa na nusu, kwa hiyo mwenye Land Cruiser ajiandae kununua galoni mbili za lita tano. Aongeze filta ya oili, na kila baada ya sevisi kadhaa filta ya dizeli na ya hewa. Hii ya hewa huchoka upesi kwa vumbi jekundu la barabara za vijijini. Mteja akinunua oili na filta mwenyewe dukani, fundi hubaki na ujira wa kazi tu, na hapo bei huonekana wazi. Mafundi wengi hawapendi utaratibu huo, kwa sababu faida yao kidogo hujificha kwenye oili.

Ujira wenyewe hutegemea ni gereji ipi. Gereji bubu iliyo chini ya mwembe hutoza kidogo kwa sababu haina pango wala mashine kubwa. Hata hivyo, kazi ikiharibika hakuna karatasi ya kumrudishia fundi. Magari ya Serikali yana utaratibu wake kupitia TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005. Gereji binafsi iliyosajiliwa kwa VAT huongeza asilimia 18: kazi ya Sh. 100,000 huwa Sh. 118,000. Tangu mwaka 2023 usajili huo ni wa lazima kwa mwenye mauzo yanayofika Sh. milioni 200 kwa mwaka, hivyo gereji nyingi ndogo hazihusiki. Mteja aulize mapema kama bei aliyotajiwa ina VAT ndani yake, na adai risiti ya mashine.

Kwa teksi hesabu ni nyingine. Kwa mfano wa kukokotoa tu, ikiwa dereva hupeleka Sh. 20,000 kwa siku kwa mwenye gari, na kipuri cha Sh. 100,000 kikachukua siku tano kufika, tayari gari limekula bei ya kipuri cha pili. Dereva naye kwa siku hizo hana chake. Kwa hiyo kipuri kilichopo Mwanga kwa Sh. 140,000 ni rahisi kuliko hicho cha Kariakoo, hata kabla ya nauli ya basi. Kwa gari la nyumbani ambalo linaweza kusimama, jibu hugeuka.

Nafuu ya kweli ipo kwenye vipuri vinavyojulikana vitaisha lini. Mkanda wa taiming wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani, injini huharibika vibaya. Pedi za breki, ambazo huliwa na miteremko ya kushukia stesheni, na bushi, ambazo hufa zaidi wakati wa mvua, zinaweza kuagizwa wiki kadhaa kabla, zikasafiri na mzigo wa kawaida. Anayeagiza atume namba ya chesisi na picha ya kipuri cha zamani, kwani kurudisha kilichokosewa ni nauli nyingine.

Katika rejeta mafundi makini hukataa maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika yana chumvi za madini zinazoacha ukoko ndani ya mifereji, na kuzibua rejeta ni ghali kuliko kununua kipozeo.

Kuhusu vipuri vya mtumba, giaboksi au injini iliyotumika hupunguza bei sana, lakini muuzaji wa Dar es Salaam hutoa muda mfupi wa majaribio, na muda huo unaweza kuisha mzigo ukiwa bado njiani. Wenye uzoefu hukubaliana kwanza, kwa maandishi, kwamba siku zianze kuhesabiwa mzigo utakapopokelewa Kigoma. Muuzaji akikataa, bei yake ilinganishwe na ya kipuri kipya, si na ya mtumba mwenzake.