Kompyuta Ndogo Ikilia Feni: Tusiifunge Pumzi

Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za mashamba na chanjo, tuongee juu ya kile kisanduku cheusi ambacho sasa kimeingia vibandani na hata majumbani mwetu hapa Nakivale: kompyuta ndogo, ile unaibeba kwa mkono mmoja kama kitabu kinene.

Nyingi zimeshafanya kazi maofisini huko nje kabla ya kufika kwetu. Ukitazama juu utakuta imeandikwa Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Watu wanazipenda kwa sababu hazili umeme mwingi kama zile kubwa za zamani, kwa hiyo hata mwenye sola ya kawaida anaweza kuiwasha. Kuna wanaochapa barua na kutoa kopi, kuna wanaoonyesha mpira, na kuna vikundi vya watoto vinavyosoma kwa Kolibri, ile programu ya masomo isiyohitaji intaneti iliyotoka mwaka 2017. Kwa familia nyingine, hicho kisanduku ndicho sabuni na chumvi ya nyumba.

Sasa malalamiko tunayoyasikia ni mawili, na kumbe ni moja. Wa kwanza anasema machini inapiga kelele kama posho mili. Wa pili anasema inazimika yenyewe mchana. Yote ni joto.

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, yaani ule ubongo wake. Ikifanya kazi inatoa joto. Juu yake kumelazwa kipande cha chuma chenye mapezi membamba, na feni inasukuma hewa ipite katikati ya hayo mapezi ili joto litoke nje. Machini ikipata moto, feni inaongeza mbio. Bado moto? Prosesa yenyewe inapunguza mwendo, ndiyo maana unaona kila kitu kinakwenda polepole. Ikizidi hapo, inajizima isiungue. Prosesa nyingi za aina hii zinafika kikomo karibu na nyuzi 100. Ile Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ambayo baadhi ya vituo vya masomo vinaitumia, inaanza kupunguza mwendo kwenye nyuzi 80.

Na feni haina barafu. Inavuta hewa ya chumbani tu. Chumba cha mabati saa nane mchana mnakijua wenyewe, hatuna haja ya kueleza.

Lakini tulipozunguka kuangalia vibanda, jua halikuwa adui mkubwa. Adui mkubwa ni lile sanduku la mbao. Watu wanaogopa wezi, na wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo wanamwambia seremala atengeneze sanduku lenye kufuli, kompyuta inaingia ndani, panabaki tundu moja dogo la kupitisha waya. Hapo feni inavuta hewa ile ile iliyoitoa yenyewe dakika moja kabla. Ni kama kumfunika mtu mwenye homa blanketi mpaka kichwani. Kijana mmoja alikuwa anajaza fomu ya kuomba udhamini wa chuo kwenye machini ya namna hiyo, ikamzimikia mara tatu kwa mchana mmoja, na kila mara alianza upya kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa. Walipotoa mbao za pembeni na kugongelea wavu wa chuma, haikuzima tena siku ile.

Basi kufuli libaki, ila mbao ziondoke. Mbele na nyuma pawe wavu, na kila upande kompyuta iachiwe nafasi ya kiganja cha mkono. Tena tazama nyuma ya machini yako: nyingi zina tundu dogo la kufungia waya wa usalama, na baadhi zina kishikio cha kutia kufuli kabisa. Ukiifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza mzito, huenda sanduku hulihitaji.

Adui wa pili ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka Agosti vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na mahali penye mbabula ni vibaya zaidi, kwa maana moshi una mafuta na vumbi linagandia juu yake. Msipikie karibu na kompyuta, akina mama, hata kama mvua inanyesha na nafasi ni ndogo. Moshi wa wiki chache unatosha kuziba mapezi.

Kusafisha si kazi ya fundi peke yake. Zima kompyuta vizuri, chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Mara nyingi kuna skurubu moja tu nyuma, ukiifungua kifuniko kinateleza. Gusa kwanza chuma cha machini kwa mkono. Chukua brashi laini ya rangi, mpya na kavu, pangusa taratibu. Kisha toa vumbi kwa pampu ya baiskeli, ukiwa nje ya nyumba, pumzi fupi fupi. Hapa pana jambo wengi hawalijui: shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Wala usiipeleke kwa wanaojaza upepo magari. Upepo wao ni mkali na una maji.

Uchafu mbaya zaidi hauonekani ukifungua tu. Unajificha kati ya feni na mapezi, umekaa kama kipande cha blanketi. Lazima feni itolewe ndipo uuone. Kiangazi sisi tungefanya hivyo kila mwezi, masika hata miezi mitatu si mbaya.

Kama umesafisha na bado ni moto, na machini ina miaka mitano au zaidi, pengine ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na chuma imekauka. Mafundi wanaiita pesti. Ya zamani inafutwa kwa spiriti, inawekwa mpya kiasi cha punje ndogo ya njegere, basi. Tumesikia watu wanatumia dawa ya meno. Wapi! Inakauka upesi na unabaki na matatizo yale yale, ila machini inanukia vizuri.

Kelele nazo zisikilizwe. Mvumo kama upepo maana yake feni ina nguvu lakini inazidiwa na joto. Ikikwaruza trrr, kuna waya au unyuzi unagusa mabawa. Ikisaga kama mchanga kwenye sufuria, beringi zake zimekwisha. Na kama machini ni ya moto lakini kimya, hapo ndipo zima mara moja. Tunayasema haya kwa sababu tumeona nyumba ambazo feni ilichomolewa ili mtoto mchanga alale. Familia inalala chumba kimoja na machini, tunaelewa, usiku kelele hiyo inachosha. Lakini usiku izimeni machini yenyewe, msizime feni. Kitambaa cha maji juu ya kompyuta nacho hapana. Maji na umeme hayajawahi kupatana.

Wakati mwingine feni inalia kwa sababu ya kazi nyingi ndani. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona programu gani inakula prosesa. Mara nyingi ni kurasa ishirini za intaneti ambazo mtu alizifungua akasahau, au virusi kutoka kwenye flashi za wateja.

Feni ikifa kabisa, usiende Mbarara mikono mitupu. Ing'oe, uende nayo. Feni za kompyuta hizi hazifanani: tazama karatasi iliyobandikwa katikati, soma volti, hesabu waya kama ni tatu au nne, na ulinganishe plagi na matundu ya skurubu kabla ya kutoa hela. Wakati unasubiri kupata nyingine, kompyuta ikae imezimwa, hata kama mteja anabembeleza kuchapa ukurasa mmoja tu.