Kipupwe na Ukweaji wa Barafu katika Mlima Kenya

Makala haya yanafafanua namna majira yanavyotawala ukweaji wa barafu karibu na ikweta. Wakati wa kipupwe, barafu ya Kariakoo bado hutengenezwa kwa mashine. Katika Mlima Kenya, miezi hiyo jua huwa kaskazini. Uso wa kusini hubaki kivulini, na maji yanayochuruzika kutoka barafuto ya Diamond huganda. Ndivyo inavyoumbika njia ya Diamond Couloir, kati ya vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion. Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge waliikwea kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Kadiri barafuto inavyosinyaa, sehemu ya chini ya njia hubaki mwamba mtupu. Baridi ya msimu, basi, haitoshi pasipo barafu ya kudumu juu yake.