Fedha za Hisani na Utafiti wa Figo: Utangulizi

Huenda uwanja huu ni mgeni kwako, lakini nusu yake unaijua tayari. Ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo au cha kazini: ndugu yetu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiba imekwisha, namba ya kutuma ni hii. Kila mmoja anatuma alichojaliwa, mweka hazina anaandika orodha, na mgonjwa anapata wiki nyingine. Huo ni mchango wa tiba. Unamjua unayemchangia, na matunda yake unayaona mapema.

Kurasa hizi zinahusu mchango wa aina ya pili, ule unaotolewa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaugua, pengine hata hajazaliwa, ili ugonjwa wenyewe ueleweke.

Tuanze na figo yenyewe. Kila figo, kiungo chenye ukubwa unaokaribia ngumi, ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kichujio kimoja pamoja na mrija wake huitwa nefroni. Nefroni huchuja damu, hurudisha mwilini maji na chumvi zinazohitajika, na kinachobaki huwa mkojo. Nefroni ikifa haioti nyingine mahali pake. Zilizosalia hubeba mzigo wake, tena kimyakimya. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake bila kuumwa popote. Hali hiyo ikidumu zaidi ya miezi mitatu, madaktari huiita ugonjwa sugu wa figo. Ukumbuke ukimya huo, kwa sababu unagusa mpaka mfuko wa fedha: ugonjwa usiopiga kelele huchelewa kuchangiwa.

Sasa neno hisani. Katika fani hii, fedha za hisani ni zile zinazotolewa kwa hiari, mtoaji asitarajie kurudishiwa wala kupata faida. Humfikia mtafiti kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni wakfu, na msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Mtu huweka nyumba au shamba la minazi, mali yenyewe haiguswi, na mapato yake ndiyo yanayohudumia msikiti, kisima au wanafunzi. Wakfu wa kisayansi hufuata njia hiyohiyo. Ya pili ni mfuko wa michango, usio na shamba la kuvuna, unaolazimika kukusanya upya kila mwaka kutoka kwa watu wengi. Kidney Research UK ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1961, ni mfano mmoja. Kile anachopewa mtafiti huitwa ruzuku: fedha zisizorudishwa, ila zina masharti ya kazi na ya hesabu. Kabla hajapewa, ombi lake husomwa na wanasayansi wengine wa fani yake, utaratibu unaoitwa tathmini ya wanataaluma.

Hapa wanafunzi wangu huuliza: je, serikali na kampuni za dawa hazitoshi? Ni swali zuri, maana kweli zina fedha nyingi kuliko mfuko wowote wa hisani. Lakini serikali kwa kawaida hutaka kuona ushahidi wa awali, na kampuni hutaka kuona soko. Mtafiti mwenye wazo changa hana hiki wala kile. Fedha za hisani zaweza kumfikia akiwa bado hapo, mikono mitupu.

Twende Seattle, Marekani, mwaka 1960. Mashine ya kusafisha damu ilikuwapo tayari; daktari Willem Kolff aliiunda Uholanzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kilichokwamisha ni mishipa. Kila mgonjwa alipounganishwa na mashine, mishipa yake iliharibika, na baada ya mara chache hapakubaki pa kuunganishia. Kwa hiyo mashine iliwafaa tu wale ambao figo zao zilikuwa zimezima kwa muda. Daktari Belding Scribner na wenzake wakabuni mrija mdogo wa Teflon uliokaa mkononi muda wote, ukiunganisha mshipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha. Machi mwaka huo walimwekea Clyde Shields, fundi mitambo. Aliishi miaka 11 zaidi.

Jambo likawa limewezekana, na papo hapo likazuka la pili: wengine je? Mwaka 1962 kilifunguliwa kituo cha kuwasafisha damu wagonjwa wa namna hiyo, kwa msaada wa ruzuku ya Wakfu wa John A. Hartford, ambao utajiri wake ulitoka kwenye maduka ya vyakula ya A&P. Vitanda vilikuwa vichache mno. Kamati ya watu saba, wakiwamo mchungaji, mama wa nyumbani na kiongozi wa wafanyakazi, ikapewa kazi ya kuamua nani aingie. Usiuruke ukurasa huu kwa sababu unauma. Hisani haikuweza kuwabeba wote, na haikuwa haki kuidai ifanye hivyo. Iliweza kuonyesha, mbele ya nchi nzima, kwamba mtu asiye na figo anaweza kuishi miaka. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka gharama za wagonjwa wengi wa aina hiyo chini ya bima ya umma.

Mambo hayaendi upesi hivyo siku zote. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao figo hujaa vifuko vya maji mpaka zinavimba na kushindwa kazi. Mwaka 1982, katika Kansas City, daktari Jared Grantham na mfanyabiashara Joseph Bruns walianzisha mfuko wa kuchangia utafiti wake, PKD Foundation. Jeni yake kuu, yaani kipande cha maelekezo ya urithi chenye kasoro hiyo, ilitambuliwa mwaka 1994. Watafiti wakaonyesha pia kuwa vasopresini, homoni inayoiagiza figo ihifadhi maji, huchochea vifuko hivyo kukua. Tolvaptani, dawa inayoizuia homoni hiyo, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2018. Haiponyi, hupunguza kasi. Hesabu miaka: 36. Grantham alifariki mwaka 2017.

Nakuachia swali moja lililo karibu na nyumbani. Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kuwa namna mbili za jeni iitwayo APOL1, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo kwa aliyezirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Inaaminika kuwa zimedumu kwa sababu zina faida: protini yake huweza kuua kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunayoyajua imetokana na damu za Wamarekani weusi na watu wa Afrika Magharibi. Yanasemaje kuhusu Mtanzania, Mganda au Mkenya ambaye figo zake zinafifia sasa hivi? Lazima mtu achangie kwanza ndipo jibu litafutwe.

Ndiyo maana sura inayofuata haianzi na maabara. Inaanza na fomu ya kuombea ruzuku, na nafasi ya kwanza ya kujaza ndani yake ni hii: unataka kujua nini? Chukua kalamu, tuijaze pamoja.