Maktaba ya Tashkent na mapenzi ya Wauzbeki kwa mashairi ya Kifarsi

Maktaba ya Taifa ya Uzbekistan, iliyoko katika mji mkuu Tashkent, ni miongoni mwa maktaba kongwe za umma katika eneo la Asia ya Kati. Maktaba hiyo inaitwa kwa jina la Alisher Navoi, malenga wa karne ya 15 aliyezaliwa na kufariki dunia mjini Herat, katika Afghanistan ya leo, na ambaye Wauzbeki wanamhesabu kuwa baba wa fasihi yao. Hata hivyo, maktaba hiyo haikuasisiwa kwa ajili ya wasomaji wa Navoi.

Ilianzishwa mwaka 1870, miaka mitano baada ya jeshi la Urusi kuuteka mji wa Tashkent. Gavana Jenerali Konstantin von Kaufman alitaka kuwapatia maafisa wake vitabu na habari kuhusu nchi waliyokuwa wakiitawala. Kwa agizo lake, mtaalamu wa maktaba Vladimir Mezhov alianza kukusanya kila kilichoandikwa kuhusu Turkestan, na mkusanyo huo hatimaye ulifikia majuzuu 594. Kaufman alipofariki dunia mwaka 1882, mrithi wake, Mikhail Cherniaev, aliamuru maktaba ifungwe, lakini haukupita muda mrefu ila ikafunguliwa tena.

Taratibu maktaba hiyo ilipata pia nuskha za maandishi ya mkono za Kifarsi, Kiarabu na Kituruki. Hazina hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa taasisi ya taaluma za Mashariki iliyoundwa Tashkent mwaka 1943, ambayo leo inaitwa kwa jina la Biruni. Mwaka 1997 UNESCO iliiingiza hazina ya taasisi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wingi wa vitabu vya Kifarsi katika hazina hizo si jambo la kushangaza. Kwa karne nyingi wasomi wa Samarkand, Bukhara na Herat walikuwa wakitumia lugha mbili. Navoi mwenyewe alitunga diwani ya Kifarsi kwa lakabu ya Fani, na alikuwa mwanafunzi na rafiki wa malenga Jami. Kazi ya kutarjumu nayo ina umri mrefu: Gulistan ya Saadi Shirazi ilitafsiriwa kwa Kituruki na Sayf-i Sarayi mwaka 1391, na katika karne ya 19 Ogahi, malenga wa Khiva, akaifasiri tena.

Tarjumi zilipata umuhimu mpya katika karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1920 herufi za Kiarabu ziliondolewa na kuwekwa za Kilatini, na mwaka 1940 zikaja za Kisirili. Katika muda mfupi kuliko umri wa mtu mmoja, mjukuu akawa hawezi kusoma daftari la mashairi alilorithi kwa babu yake. Kwa Wauzbeki wengi wasiojua Kifarsi, Hafidh na Khayyam wangebaki majina matupu lau wasingepatikana watarjumi kama Shoislom Shomuhamedov, aliyewaletea ruba'i za Khayyam kwa Kiuzbeki.

Tarjumi hizo zilipendwa kwa sababu hazikusomeka kama kitu cha kigeni. Lugha hizo mbili zimetumia mizani ile ile ya arudhi, na zina maneno mengi ya pamoja, kiasi kwamba mtarjumi mara nyingi huweza kuhifadhi hata vina. Baadhi ya maneno hayo, kama vile dunia, kitabu na wakati, yanafahamika pia kwa Waswahili. Shaaban Robert, aliyemleta Khayyam katika Kiswahili, alilazimika kupita njia ndefu zaidi, kwani alitegemea tarjumi ya Kiingereza ya Edward FitzGerald iliyochapishwa mwaka 1859.

Hivi sasa mtihani kama ule unarejea. Uzbekistan iliamua mwaka 1993 kurudi katika herufi za Kilatini, ilhali tarjumi nyingi za enzi ya Kisovieti zilichapishwa kwa Kisirili. Vijana waliosoma kwa Kilatini watahitaji vitabu hivyo vichapishwe upya, la sivyo daftari la babu litafungwa kwa mara ya pili.