Taa Izungukayo: Mashine za Dubwi Mpakani Tunduma na Ubongo wa Mchezaji

Tunduma ni mji wa kusubiri. Dereva aliyetoka bandari ya Dar es Salaam na mzigo wa kwenda Lubumbashi husubiri karatasi za forodha. Utingo wake humsubiri dereva. Mama lishe, mbadilisha kwacha na kijana wa bodaboda huwasubiri wote wawili. Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilijengwa ili kupunguza ngoja ngoja hiyo, lakini malori ni mengi na foleni bado hutokea. Mtu asubiriye saa nyingi, mwenye posho ya safari mfukoni na asiye na ndugu wa karibu wa kumuuliza alipo, ni mteja ambaye mwenye mashine ya kamari angemwomba kwa dua.

Mashine yenyewe huitwa dubwi. Wengine huiita bonanza, na wengine wakasema tu "mashine ya Mchina" kwa sababu ya mahali ilikotengenezwa. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha mtoto wa shule ya msingi, huwekwa pembeni mwa baa, ukumbi wa kuonyesha mpira au hata duka la bidhaa ndogondogo, na hula sarafu ya shilingi 200. Usoni pake pana ubao wenye picha za tufaha, chungwa, tikiti, kengele, nyota na namba 77. Mchezaji huchagua picha, hubonyeza kitufe, na taa huanza kukimbia ukingoni mwa ubao huku muziki ukilia, ikipunguza mwendo kidogo kidogo hadi inaposimama. Ikisimama kwenye picha yake, amekula. Ikisimama kwingine, ameliwa. Lugha hiyo ya kula na kuliwa wameibuni wachezaji wenyewe, nami sijapata iliyo sahihi zaidi.

Makala hii nimeiandika kwa ajili ya wahudumu wa afya wa Songwe na mikoa jirani, na kwa ajili ya wachezaji na jamaa zao. Si mahubiri dhidi ya kamari. Michezo ya kubahatisha ni halali nchini, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Ninachotaka kueleza ni kwa nini sanduku hili, miongoni mwa aina zote za kamari, huwanasa baadhi ya watu kwa haraka, na nini kifanyike pale linapomnasa mtu.

Nasaba yake ni ndefu. Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu, yenye magurudumu matatu na picha ya kengele, ilitengenezwa na Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miongo mingi ilikuwa ni chuma na springi tu. Mwaka 1984 mhandisi Inge Telnaes alipewa hataza Marekani ya njia ya kuiachia kompyuta ichague matokeo, magurudumu yakibaki kuwa maonyesho: picha moja inaweza kuwakilishwa na namba nyingi ndani ya programu, na picha ya zawadi kubwa ikawakilishwa na namba moja tu, ingawa machoni pa mchezaji zote zina ukubwa sawa. Hapo ndipo jicho na hesabu vilipoachana.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1996 kampuni ya IGT ilitoa mashine iliyojengwa juu ya Wheel of Fortune, mchezo wa televisheni uliokuwa ukitazamwa Marekani tangu 1975, yenye gurudumu la rangi juu yake na sauti za watazamaji wakishangilia. Ikawa miongoni mwa mashine zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote katika kumbi za kasino. Baadaye michezo mingine ya televisheni, kama Who Wants to Be a Millionaire na Deal or No Deal, nayo iligeuzwa mashine. Sababu si ngumu kuiona. Mchezo wa televisheni mtu huuangalia akiwa nyumbani, pamoja na watoto, bila kupoteza senti; hujenga mazoea na imani. Washiriki wake ni watu wa kawaida wanaoonekana wakishinda mbele ya macho yetu, na aliyeshindwa huondoka akipigiwa makofi. Mashine huazima imani hiyo yote, ila safari hii mtazamaji ndiye anayelipa.

Dubwi la Tunduma halina jina la kipindi chochote cha televisheni. Hata hivyo, aliyewahi kuona mchezo wa Press Your Luck, uliorushwa na CBS ya Marekani kati ya 1983 na 1986, ataitambua taa ile mara moja. Ubao ulikuwa na visanduku 18, taa ikirukaruka kati yake, na mshiriki akibonyeza kitufe ili kuisimamisha. Mwaka 1984 alikuja mshiriki kutoka Ohio aitwaye Michael Larson, ambaye aliwahi kuwa dereva wa gari la kuuzia aiskrimu. Alikuwa amerekodi vipindi kwa mkanda wa video na kuvichunguza picha kwa picha, akagundua kwamba taa haikuwa ikiruka ovyo: ilikuwa na mifuatano mitano tu, ikijirudia. Aliikariri. Siku ya mchezo alibonyeza zaidi ya mara 40 mfululizo bila kuangukia kisanduku cha kupoteza, akaondoka na dola 110,237. Kampuni ilichunguza, ikaona hakuna kanuni aliyoivunja, ikamlipa. Kisha mifuatano ikaongezwa ili jambo hilo lisirudiwe.

Kisa hiki nimekirefusha kwa makusudi, kwa sababu kliniki nimewahi kuonyeshwa daftari. Mwenye daftari alikuwa ameandika kwa kalamu, usiku baada ya usiku, mahali taa iliposimama: tufaha, tufaha, kengele, chungwa. Alikuwa akitafuta kile alichokipata Larson. Wachezaji wengi hawaandiki, lakini wanaamini vivyo hivyo: kwamba mashine "imeshiba" na karibu itatema, kwamba ipo saa ya kutoa, kwamba akiondoka sasa anayemfuata atavuna jasho lake. Larson alikuwa sahihi kwa sababu ubao wake ulikuwa na kanuni iliyojificha na kitufe chake kilisimamisha taa kweli. Katika mashine ya kielektroniki ya leo, matokeo huamuliwa na programu kitufe kinapobonyezwa. Taa inayozunguka baada ya hapo inakwenda mahali palipokwisha kuchaguliwa. Hakuna cha kukariri. (Larson mwenyewe hakudumu na utajiri. Alitoa benki maelfu ya dola kwa noti za dola moja moja, akitafuta namba ya bahati ya shindano la redio, na wezi wakaziiba nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1999.)

Kwa nini ubongo hukubali kudanganywa? Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za ubongo za nyani zinazotoa dopamini. Waligundua kwamba seli hizo huwaka zaidi tuzo inapokuja bila kutarajiwa. Tuzo ikishazoeleka, huwaka kwa ishara inayoitangulia, si kwa tuzo yenyewe. Taa inayokimbia ni ishara ya namna hiyo. Kabla ya hapo B. F. Skinner alikwisha kuonyesha kwamba mnyama anayelipwa kwa nyakati zisizotabirika huendelea kubonyeza kwa muda mrefu kuliko anayelipwa kila mara. Na mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba kukosa kwa hatua moja, yaani taa kusimama jirani kabisa na picha uliyoichagua, huamsha maeneo yale yale ya ubongo yanayoamshwa na ushindi, na kuongeza hamu ya kuendelea, ingawa mchezaji mwenyewe anakiri kwamba hakufurahi. Mchezaji wa dubwi husema, "Ilibaki kidogo." Haikubaki kidogo. Shilingi 200 imekwenda, kama ambavyo ingekwenda taa ingesimama upande wa pili wa ubao.

Jambo la tatu ni kasi. Bahati nasibu ya tiketi humpa mtu siku kadhaa za kutulia kabla ya droo. Mkeka wa mpira humpa dakika tisini. Dubwi halimpi hata muda wa kuvuta pumzi. Tufanye hesabu ya mfano: mzunguko mmoja ukichukua sekunde 10, kwa sarafu moja kila mzunguko, saa moja ina mizunguko 360, yaani shilingi 72,000 zinazopita mkononi. Hata kama mashine ingerudisha shilingi 80 kwa kila 100, mchezaji angeacha shilingi 14,400 kwa saa, na kwa kuwa anachokula hukirudisha humo humo, mara nyingi huondoka mtupu. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, aliyewatafiti wachezaji wa Las Vegas na kuchapisha kitabu mwaka 2012, alisimulia jinsi baadhi yao walivyokiri kwamba hawachezi ili washinde, bali ili waendelee kucheza, mahali ambapo deni, ndoa na uchovu havisikiki. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia pia kwa watu wasiowahi kuiona Las Vegas.

Hili ni tatizo la kitabibu, na limetambuliwa hivyo kwa muda mrefu. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza kamari iliyopindukia katika mwongozo wake mwaka 1980, na mwaka 2013 kikaihamishia katika kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, hutaja nguzo tatu: kushindwa kujizuia, kamari kutangulizwa mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea licha ya madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, ingawa dalili zikiwa nzito muda unaweza kuwa mfupi.

Mhudumu wa zahanati hahitaji kukariri vigezo vyote. Yapo maswali mawili yaliyojaribiwa tangu miaka ya 1990. Je, umewahi kuhisi haja ya kucheza kwa fedha nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu walio muhimu kwako kuhusu kiasi unachocheza? Jibu moja la "ndiyo" linatosha kumkalisha mtu na kumsikiliza zaidi. Lakini ni nani wa kuulizwa? Mgonjwa haji akisema "nina uraibu wa dubwi." Huja na kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, vidonda vya tumbo visivyopona, au shinikizo la damu kwa sababu fedha ya dawa haionekani. Mama huja na mtoto aliyepungua uzito, akasema mume analipwa lakini mshahara haufiki. Muulizeni kuhusu kamari kwa sauti ile ile mnayoulizia pombe na sigara.

Swali la kujiua halifai kuachwa. Mchezaji aliyekwisha kopa kwa riba ya kausha damu, akauza betri ya lori la tajiri au akala mchango wa kikoba, anaweza kuona kifo kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikiri kwamba anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwenye huduma ya afya ya akili.

Kwa madaktari na wafamasia kuna jambo la ziada. Dawa zinazochochea vipokezi vya dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli zinazotumika kwa ugonjwa wa Parkinson, zinaweza kumwanzishia kamari mtu ambaye hakuwahi kucheza maishani. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kama hiyo kuhusu aripiprazoli. Mzee aliyeanza dawa miezi michache iliyopita na sasa haonekani nyumbani jioni, aulizwe. Na dawa isikatishwe ghafla, bali apelekwe kwa aliyeiandika ili ipunguzwe au ibadilishwe.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo: kumsaidia mgonjwa kupima faida na hasara bila kumkaripia, kisha kuzichambua imani zake kuhusu mashine, saa zake za hatari na njia anazopita. Hapa kisa cha Larson hunifaa sana, mgonjwa hucheka, halafu huuliza, "Kwa hiyo langu halina mifuatano?" Baada ya hapo tunaweza kuzungumza. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa ugonjwa huu, ingawa naltreksoni imeonyesha matumaini kwa baadhi ya wagonjwa, na sonona au ulevi unaoambatana nao hutibiwa kama kawaida. Familia nayo ina kazi. Isilipe madeni yote kwa mkupuo, kwani mchezaji aliyefutiwa deni ghafla huwa na sababu mpya ya kurudi. Kwa makubaliano naye, mshahara upitie kwa mtu anayemwamini, na abaki na fedha ya nauli na chakula tu, ikiwezekana kwa noti badala ya sarafu.

Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, na mashine isiyo na leseni ya Bodi si halali popote ilipo. Wazazi wanaowaona watoto wa shule kwenye sanduku lile wakati wa mapumziko wana haki ya kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 serikali yake iliamuru mashine za namna hii zikamatwe na kuteketezwa. Kwa maoni yangu moto peke yake hausaidii, maana anayeikosa mashine huipata kamari kwenye simu. Lakini kuliondoa sanduku dukani, mahali mtoto anapotumwa kununua chumvi, ni hatua ambayo haihitaji kusubiri utafiti.

Imebaki shida ya Tunduma yenyewe: mgonjwa anayesafiri. Dereva aliyekuja kliniki Jumatatu huenda Alhamisi yuko Kongo. Mpangieni miadi kwa ratiba ya safari zake, si kwa siku za kliniki tu. Chukueni namba yake ya simu ya Tanzania na ile ya Zambia, na mkubaliane apigiwe simu usiku anapolala mpakani, kwa kuwa hizo ndizo saa za dubwi. Utingo wake, akiridhia, anaweza kushika posho. Na akirudi baada ya wiki tatu akiwa ameliwa tena, afunguliwe faili lile lile na aulizwe ilikuwa mpaka upi, saa ngapi, na alikuwa akisubiri nini.