Wilaya isiyoripoti mgonjwa

Wilaya ikimaliza mwaka bila kuripoti mtoto hata mmoja aliyepooza ghafla, mkaguzi wa mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa huanza kuitilia shaka. Miguu ya mtoto hulegea kwa sababu nyingi, polio ikiwapo au isiwepo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hudai kwamba kila mwaka, kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 15, apatikane walau mmoja aliyepooza kwa sababu isiyo polio. Penye hatari kubwa, wawili au zaidi. Asipopatikana, yaelekea hakuna anayetafuta. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote: hupima macho ya mfumo hata ugonjwa wenyewe ukiwa haupo.

Kumwona tu hakutoshi. Sampuli mbili za kinyesi zichukuliwe kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, maana baadaye virusi hupungua. Tena zifike maabara zikiwa bado baridi. Angalau asilimia 80 ya wagonjwa wapate huduma hiyo.

Malawi ilionyesha pale asilimia zinapoficha jambo. Mtoto mmoja wa Lilongwe alianza kupooza Novemba 19, 2021. Sampuli zilichukuliwa Novemba 26 na 27: kwa kipimo hicho, kazi safi kabisa. Lakini mlipuko ulitangazwa Februari 17, 2022, siku 90 tangu mtoto apooze. Kirusi kilikuwa na nasaba na kile cha jimbo la Sindh, Pakistan, nacho kilikuwa kimeingia Kanda ya Afrika ya Shirika hilo, ambamo polio ya asili ilikuwa imethibitishwa kutokomezwa Agosti 2020. Mwaka 2022 watoto wa Tete, Msumbiji, nao wakapooza.

Kwa hiyo siku zihesabiwe kituo kwa kituo: nyumbani hadi zahanati, zahanati hadi sampuli, sampuli hadi jibu, jibu hadi chanjo. Wizara nyingi hufurahia asilimia ya ripoti za wiki zilizowahi, na fomu yenye sifuri kila mstari nayo huhesabiwa kuwa imewahi. Sifuri hiyo ina thamani ikiwa tu kuna aliyefungua rejesta. Msimamizi akifika kituoni aanze na rejesta ya wagonjwa wa nje, apitie miezi 6 ya nyuma, atafute mtoto aliyeandikiwa “udhaifu wa miguu”, kisha aulize kwa nini hakuripotiwa.